Jiko la gesi haliwaki: kinachokosekana ni cheche au gesi?

Jiko likigoma kuwaka, wengi hukimbilia betri. Betri mpya isiposaidia, bisibisi inatolewa na jiko linafumuliwa lote. Kabla ya kufika huko, fanya jaribio la dakika moja: washa kiberiti kwanza, sogeza mwali kwenye ukingo wa kichomeo, ndipo ufungue gesi taratibu. Likishika moto vizuri, gesi inafika na ugonjwa uko upande wa cheche. Lisiposhika, achana na betri, kwa sababu gesi imekwama mahali fulani kati ya mtungi na kichomeo.

Ukikuta jikoni pananuka gesi, jaribio hilo usilifanye kabisa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote ya umeme, hata ya kuzimia taa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na kwenye pembe. Subiri mpaka harufu iishe yote, na chini pia papate hewa.

Tuseme kiberiti kimewasha. Sasa sikiliza. Jiko linalotoa mlio mmoja tu, "tak!", kila unapozungusha kishikio, halina betri, ndani yake kuna kinyundo cha springi kinachogonga fuwele, na fuwele hiyo ndiyo inayozaa umeme wa cheche. Jiko linalotoa "tak-tak-tak" mfululizo hutumia betri au umeme wa ukutani. Kama vichomeo vyote viko kimya, hapo ndipo betri inapohusika. Itoe, angalia vibati vinavyoigusa, na ukiona ukungu mweupe au wa kijani visugue kwa msasa laini hadi ving'ae, kisha weka betri mpya ukizingatia alama za + na −. Vibati vichafu huzuia hata betri mpya, na watu wengi wametupa jiko zima kwa sababu hiyo tu.

Mlio ukiwepo lakini kichomeo kimoja hakishiki, funga mtungi, zima taa, zungusha kishikio na utazame gizani. Cheche nzima ni nyeupe yenye ubluu, na huruka kutoka ncha ya kijiti cha cheche hadi kwenye chuma cha kichomeo. Nafasi kati yao iwe milimita 3 hadi 5. Ikizidi, cheche haifiki. Ikipungua sana, inakuwa fupi mno na gesi haishiki. Ukiona cheche inaruka huko chini, kwenye shina la kijiti, ganda lake jeupe la kauri limepasuka na umeme unavujia kwenye bati la jiko. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Gundi haidumu kwenye joto lile, kwa hiyo badilisha kijiti.

Chakula kikifurika, au jiko likitoka kuoshwa, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Maji na mafuta yaliyoganda juu ya kauri hupitisha umeme pembeni. Acha jiko lipoe, futa kwa kitambaa kikavu, sugua ncha kwa mswaki mkavu, na uache wazi kwa saa kadhaa.

Kuna dalili moja inayorahisisha kazi sana. Chini ya kila kishikio kuna swichi ndogo, na kwenye majiko mengi swichi zote zimeungwa kwenye kisanduku kimoja cha cheche, kiasi kwamba ukizungusha kishikio kimoja vichomeo vyote hutoa cheche. Kwa hiyo kishikio kimoja kikiwa bubu na vingine vinalia, kisanduku ni kizima; mbovu ni swichi ya kile kimoja. Na mlio usiokoma hata baada ya kuachia vishikio vyote humaanisha kuna swichi iliyolowa au iliyonata.

Cheche nzuri nayo yaweza kukosa gesi ya kuishika. Kofia ya kichomeo ikikaa upande, gesi hutokea kwingine, mbali na ncha. Inua, igeuze hadi vijino vyake viingie kwenye nafasi zao, ibonyeze kidogo, haipaswi kucheza. Vitundu vilivyo jirani na kijiti cha cheche ndivyo vya kusafishwa kwanza. Tumia sindano au waya mwembamba. Kijiti cha meno hukatikia ndani, ukaongeza kazi.

Sasa upande wa gesi. Vichomeo vyote vikikosa, angalia mtungi, regulata na mpira. Baadhi ya regulata zina valvu ya usalama inayojifunga gesi ikitoka kwa kishindo; funga kila kitu, subiri kidogo, kisha fungua mtungi polepole. Kichomeo kimoja kikikosa, shuku jeti, kile kipande kidogo cha shaba kilicho chini ya mdomo wa kichomeo. Huku mtungi ukiwa umefungwa, ifungue (mara nyingi kwa spana namba 7), iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, ipulize na uikaushe. Tundu lake halifiki milimita 1, na usilitanue kamwe. Likipanuka, gesi huzidi hewa: mwali unakuwa wa njano, sufuria zinashika masizi, na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, huanza kutoka, ambayo haina harufu ya kukuonya.

Mwali unaowaka kisha kuzimika ukiachia kishikio ni suala la themokapo, kile kijiti cha pili kilicho kando ya kichomeo, kisicho na ganda la kauri. Kikipata moto huzalisha umeme mdogo sana, milivolti kama 20 hadi 30, unaoishikilia valvu ya usalama ibaki wazi. Bonyeza kishikio kwa sekunde 10 kabla ya kuachia. Bado unazimika? Safisha ncha yake kwa sufi laini ya chuma, hakikisha mwali unailamba, na ukaze nati iliyo mwisho wa waya wake bila nguvu nyingi. Ikishindikana, weka mpya ya urefu uleule. Usiikwepe kwa kuunganisha njia ya mkato: mwali ukizimwa na upepo, hiyo ndiyo inayokata gesi.

Kila kiungo ulichofungua kipake povu la sabuni huku mtungi ukiwa wazi na vishikio vimefungwa. Kiputo kikianza kukua, funga mtungi, kaza, upake tena. Kikirudi mara ya pili, badilisha kiungo hicho kabla ya kuwasha chochote.