Kagua mstari wa ploti yako kabla bili haijafika

Wenye ploti wengi Nairobi hushtuka bili ya kodi ya ardhi inapotoka, wakaenda kulalamika kaunti. Wakati huo wamechelewa. Bili ni hesabu ya kuzidisha tu: thamani ya ploti mara asilimia iliyowekwa na kaunti. Kinachoamua utalipa ngapi ni daftari la uthamini, yaani orodha ya kaunti ambayo kila ploti ina mstari wake wa namba, eneo, jina na thamani, na daftari hilo lina msimu wake wa kupingwa.

Mthamini haangalii nyumba yako. Kodi ya Nairobi hutozwa kwa thamani ya ardhi tupu: kiwanja kingeuzwa kwa bei gani siku ya uthamini kama kisingekuwa na jengo wala deni juu yake? Siku hiyo ni moja kwa jiji zima, ili mtu wa Karen na wa Kayole wapimwe kwa bei za wakati mmoja. Bei hupatikana kwa kulinganisha mauzo ya karibu, kisha hurekebishwa kulingana na ukubwa, barabara, maji taka na matumizi yaliyoruhusiwa. Shida ni kwamba wanunuzi wengi huandika bei ya chini ili wapunguze ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4. Mthamini akizitegemea hati hizo peke yake, mtaa mzima huonekana rahisi kuliko ulivyo.

Sura 266, sheria ya zamani ya uthamini wa kodi ya ardhi, ilitaka daftari jipya angalau kila miaka 10, lakini ikaongeza kwamba waziri anaweza kuidhinisha muda mrefu zaidi. Kipengele hicho ndicho kilichotufikisha pabaya. Nairobi ilitumia daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi juzi. Upper Hill iliyothaminiwa humo ilikuwa ya nyumba za bangalo, si maghorofa ya ofisi. Thamani zikiwa zimelala hivyo, kaunti ilibaki kupandisha asilimia tu, hadi ikafika 34. Aliyekuwa katika mtaa ambao haukupanda bei alibebeshwa mzigo wa mitaa iliyopaa, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyekusudia. Rasimu ya daftari jipya ya 2019 ilipoanza kutumika 2023, asilimia ilishuka hadi 0.115. Ploti iliyoandikwa shilingi 50,000 zamani ililipiwa 17,000. Ikithaminiwa sasa milioni 15, inalipiwa 17,250. Kwa hiyo usitishwe na thamani kubwa peke yake. Zidisha kwanza.

Rasimu ikitangazwa, itafute ploti yako kwa namba ya LR (namba ya usajili wa ardhi iliyo kwenye hati), sio kwa jina, maana majina mengi ni ya wamiliki waliouza zamani. Angalia eneo kwa makini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465. Nukta ikiruka nafasi moja ikawa 0.465, umepewa ardhi mara kumi ya uliyo nayo, na bili inaweza kufuata mkondo huo. Linganisha na ramani ya upimaji iliyoambatana na hati miliki, kisha soma mistari ya majirani. Jirani mwenye ploti sawa, barabara ileile, akiwa na thamani ya chini sana, huyo ndiye ushahidi wako bora.

Chini ya Sura 266 pingamizi liliwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu tangazo. Sheria ya kitaifa ya kodi ya ardhi ya 2024 imeifuta sura hiyo, kwa hiyo fuata tarehe zilizo kwenye tangazo lenyewe. Pinga thamani, eneo au jina. Kusema huna pesa hakubadilishi mstari hata mmoja. Ambatanisha ramani, mikataba ya mauzo ya karibu na, ukiweza, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa.

Kuna kosa moja linalowatesa hasa walionunua kupitia kampuni za ardhi: shamba limegawanywa, hati ndogo zimetoka, lakini daftari bado lina namba mama, yaani ile ya shamba zima. Deni linaendelea kujilimbikiza kwenye namba hiyo, na siku ya kuuza utakwama, kwa sababu uhamisho unahitaji cheti cha kutodaiwa kodi. Hapo omba kuingizwa kwenye daftari la nyongeza, ambalo huandaliwa kwa ploti zilizogawanywa, kuunganishwa, kusahaulika au kubadilishwa matumizi. Peleka nakala ya hati mpya pamoja na ya mgawanyo ulioidhinishwa, na hakikisha wamekugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.