Siku moja maishani mwangu: nikiwinda milisekunde 72 za kuchelewa kwa sauti

Saa 1:10 asubuhi

Studio yangu ni chumba cha kulala kilichonyang'anywa kitanda. Kuna meza, spika mbili, stendi ya maiki, na kabati la nguo ambalo sijalitoa kwa makusudi, maana nguo zilizoning'inia zinameza mwangwi kuliko zile sponji nyembamba za kubandika ukutani. Leo nina mwimbaji saa nne, mpiga kinanda saa nane, na usiku miksi ya kumalizia.

Kabla ya yote nafungua programu ya kurekodia nione kama iko vile nilivyoiacha. Nilizoea hivi baada ya kuumia. Siku moja kompyuta ilijisasisha usiku, asubuhi nikakuta programu imehamia kwenye draiva ya jumla (draiva ni programu ndogo inayoendesha kifaa) badala ya ASIO ya kadi yangu ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Kwenye Windows, sauti ikipita njia ya kawaida inachanganywa kwanza na kengele za barua pepe na makelele mengine yote ya mfumo, na kila kituo kinakula muda wake. ASIO, iliyotolewa na Steinberg mwaka 1997, inaikatia programu njia yake yenyewe hadi kwenye kadi. Wenye Mac wanapata Core Audio ndani ya mfumo, hawana habari na vita hivi.

Leo mambo shwari: kHz 48, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde na kila kipimo ni sampuli moja; bafa, ambayo nitaieleza baadaye, sampuli 128. Nazima Wi-Fi. Draiva ya Wi-Fi ya laptopu hii ina tabia ya kuikatiza kompyuta kazi kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kwenye hedifoni kinasikika "tk". Nililaumu kebo. Nikanunua nyingine, nikailaumu nayo. Ni LatencyMon, programu ya kusaka kinachoichelewesha kompyuta, ndiyo iliyonionyesha jina la mhusika, tena kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Saa 4:05 asubuhi

Mwimbaji amefika na hedifoni zake za Bluetooth, mpya, nzuri kweli. Nimemwomba aziweke kwenye mkoba. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti kwa milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde) mia na kitu, mara nyingine zaidi. Kwa kusikiliza muziki hakuna tatizo, kwa kujisikiliza ukiimba haifai. Nimempa zangu za waya, zilizofunga masikio, pedi zake zimechanika upande mmoja.

Biti inaanza. Anaimba mstari mmoja na nusu, anasimama.

"Prodyuza, mimi naimba. Sasa huyu anayenijibu humu masikioni ni nani?"

Tukacheka. Halafu nikafanya kile ambacho kila mtu hukifanya: nikakimbilia bafa.

Bafa ni ndoo. Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone, inasubiri ndoo ijae ndipo iondoke nayo. Ndoo ya sampuli 128, kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, inajaa kwa milisekunde 2.7. Ipo ya kuingilia na ipo ya kutokea, kwa hiyo hesabu mara mbili. Ukipunguza ndoo, sauti inawahi, ila kompyuta inapiga safari nyingi zaidi, na ikishindwa kurudi kwa wakati unasikia mpasuko.

Nikashusha hadi 64. Bado. Nikashusha hadi 32, sauti ikaanza kuchacharika kama maji yaliyodondokea mafuta ya moto, na huyo mtu wa masikioni bado anajibu. Hapo ningepaswa kushtuka mapema. Kutoka 128 hadi 32 nimeokoa milisekunde 4 kwenda na kurudi, wakati kuchelewa kwenyewe nakusikia hata mimi niliyekaa kando. Nilikuwa nachota maji kwa kijiko huku bomba limepasuka kwingine.

"Dada, nipe dakika kumi."

Saa 4:20 asubuhi

Programu yangu ina sehemu inayoandika muda wa kuchelewa, pale kwenye mipangilio. Namba hiyo siiamini. Ni madai ya draiva kuhusu yenyewe, na plagini ulizofungua, yaani vile vijiprogramu vya kurembesha sauti, hazimo kwenye hesabu yake. Napima mwenyewe.

Ninavyofanya ni hivi. Maiki iko tundu la kwanza. Nachukua kebo fupi, upande mmoja kwenye tundu la kutolea sauti, upande wa pili kwenye tundu la pili la kuingizia. Njia ya maiki naipitisha kwenye programu kama anavyoisikia mwimbaji, halafu narekodi matundu yote mawili kwa pamoja. Tundu la pili lisisikilizwe, litolewe kabisa kwenye miksi, la sivyo sauti itazunguka na kupiga yowe. Kisha nagonga maiki kwa ukucha, mara moja.

Kwenye skrini inatoka migongo miwili. Wa kwanza ni ukucha wenyewe. Wa pili ni ukucha uleule baada ya kutembea safari nzima: ndani ya kadi, ndani ya kompyuta, kwenye plagini, nje tena. Nimevuta picha mpaka sampuli zikaonekana nukta nukta, nikarudisha bafa 128, nikagonga upya, nikapima toka mgongo hadi mgongo. Sampuli 3,892.

Gawa kwa 48: milisekunde 81. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo huyu dada alikuwa anajisikia kama vile kinywa chake kiko mita 28 kutoka kwenye sikio lake. Kwa hali hiyo hata mimi ningeuliza ni nani.

Bafa mbili ni sampuli 256. Nyingine zote zimetoka wapi? Nikaanza kuzima plagini moja moja, nikaanzia kwenye chaneli ya sauti yake, hakuna kilichobadilika. Nikafika masta, chaneli ya mwisho inayopitisha sauti zote. Aibu. Jana usiku nilifanya miksi ya mfano kwenye faili hilihili, nikaacha ikwalaiza ya linia-fezi (ya kurekebisha besi na treblo, aina inayochelewesha sauti) na limita (ya kuzuia sauti isipite kiwango). Nilipozima ikwalaiza zikatoweka sampuli 3,072. Nilipozima limita zikaondoka 384. Jumla 3,456, ambazo ni milisekunde 72 kamili.

Limita za aina hii zinasifiwa kuwa zinaona mbele. Hakuna kinachoona mbele. Inachofanya ni kuishikilia sauti mlangoni, iichungulie, ndipo iiruhusu kupita, na muda wa kuchungulia unaulipa wewe. Kwenye miksi hulisikii hilo, programu inasogeza traki zote zilingane. Mtu anayeimba sasa hivi hawezi kusogezwa.

Zikabaki sampuli 436, milisekunde 9. Ukitoa bafa mbili zinabaki 180: vigeuzi vya kadi, na akiba ya siri ambayo draiva inajiwekea. Hizo siwezi kuzigusa. Nikashusha bafa hadi 64 na sasa kompyuta imetulia, kwa kuwa ile ikwalaiza nayo ilikuwa mzigo. Milisekunde 6.4.

Saa 4:45 asubuhi

"Afadhali. Lakini sauti yangu ina uwazi fulani, kama niko ndani ya pipa."

Yuko sahihi, na hili wengi hawalijui: mwimbaji ndiye mtu mgumu kuliko wote kumridhisha. Mpiga gita akikaa mita mbili kutoka kwenye spika yake anacheza na milisekunde karibu sita maisha yake yote wala halalamiki. Mwimbaji anajisikia kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, papo hapo, halafu hedifoni inamletea nakala iliyochelewa kidogo. Hizo mbili zikikutana, baadhi ya masafa yanafutana. Ndilo hilo pipa.

Dawa yake haina gharama, iko kwenye kadi: kile kitufe cha kuzungusha kati ya maiki na kompyuta. Nimekizungusha ili asikie maiki moja kwa moja kabla haijafika kwenye kompyuta, nikanyamazisha sauti yake ndani ya programu. Ukisahau kunyamazisha, anapata watu wawili tena.

"Sasa niko mmoja. Ila nimekuwa mkavu."

Kwa hiyo nimemtumia riverbu, mwangwi wa kutengenezwa, kutoka kwenye programu, riverbu peke yake bila sauti kavu. Inachelewa milisekunde chache, na hilo halidhuru, kwa sababu mwangwi wa ukumbi wowote huja baada ya sauti. Akafumba macho. Tukamaliza wimbo mzima kwa majaribio matatu.

Saa 7:00 mchana

Ujumbe kutoka kwa kijana mmoja ninayemsaidia: "Kaka, nimekusanya hela. Nichukue kadi ya matundu manane ya kHz 192, yenye USB-C? Au maiki ya kondensa? Nataka kuchelewa kuishe."

Nimemuuliza mnarekodi wangapi kwa wakati mmoja. Yeye peke yake, na gita. Basi ni matundu mawili, moja liwe na swichi ya gita, maana gita la umeme likiingizwa kwenye tundu la kawaida linapoteza makali yake ya juu. Hayo mengine sita yatakusanya vumbi.

Kuhusu kHz 192: ni kweli ndoo inajaa haraka zaidi, ila kompyuta inafanya kazi mara nne ya kHz 48, na mwisho wake utaongeza bafa na kurudi ulipotoka. Kuhusu USB-C: hilo ni umbo la tundu. Chaneli moja ya biti 24 kwa kHz 48 inahitaji megabiti 1.2 kwa sekunde, na USB 2.0 ya zamani inabeba 480. Wembamba wa njia si tatizo la kadi ya matundu mawili. Tofauti kubwa iko kwenye draiva. Kadi mbili zenye tundu la aina moja na bafa ileile zinaweza kupishana kwa milisekunde kadhaa, eti kwa sababu mtengenezaji mmoja amejiwekea akiba kubwa ya siri. Kabla hujalipa, tafuta mtu mwenye kadi hiyo, agonge maiki kwa ukucha.

Maiki ndiyo imeniandikisha ujumbe mrefu. Anaishi kwenye chumba chenye sakafu ngumu na dirisha la barabarani. Kondensa ni maiki nyepesi kunasa, itamletea kila pikipiki inayopita. Maiki ya Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado inarekodi sauti za watu wazima kwa watoto. Kama anaitamani SM7B, maiki nyingine ya Shure, kwa kuiona kwenye video, ajue inataka geini (kukuzwa sauti) ya kiasi cha desibeli 60, na si kila kadi ndogo inafika huko bila kuanza kutoa mvumo. Halafu asijaze mita hadi kwenye nyekundu. Kwenye biti 24, kilele kikicheza karibu na desibeli -12 kinatosha kabisa.

"Kwa hiyo nisinunue chochote?"

"Nunua hedifoni za waya zilizofunga masikio. Zilizo wazi zitavujisha metronomu hadi kwenye maiki."

Amejibu kwa emoji ya huzuni. Alitaka kitu chenye taa.

Saa 8:15 mchana

Mpiga kinanda ni mzee wa kazi, amepiga tangu MIDI, lugha ya kinanda kuongea na kompyuta, haijafikisha miaka mitano, na MIDI ilianza 1983. Amebonyeza chodi moja, akanitazama juu ya miwani.

"Imechelewa."

"Shikamoo mzee, ndiyo kwanza tunaanza."

"Marahaba. Imechelewa."

Nikapima: milisekunde sita na ushei, kama asubuhi. Waya wake wa MIDI ni ule wa zamani wa pini tano, ambao noti moja inauchukua karibu milisekunde moja, chodi ya noti nne haifiki nne. Siyo huo. Nikamwomba apige piano badala ya vinanda vya nyuzi. "Hii iko sawa." Rudi kwenye nyuzi: "Imechelewa."

Sauti yenyewe ya nyuzi imetengenezwa ianze polepole, kama upinde unavyoanza kushika uzi. Nikafupisha ataki yake, yaani muda wa sauti kupanda, akatikisa kichwa kukubali, tukarekodi. Alipoondoka nikairudisha ilivyokuwa na kuzisogeza noti zake zianze mapema kidogo. Ilikuwa nzuri zaidi vile.

Saa 3:30 usiku

Sasa hakuna anayeimba wala kupiga, kwa hiyo bafa imepanda hadi 1,024. Milisekunde 21 kila upande, nani anajali? Ikwalaiza imerudi masta, limita imerudi, kompyuta inapumua. Ila safari hii nimehifadhi faili mbili. Moja inaitwa MIKSI. Ya pili inaitwa KUREKODI, na chaneli yake ya masta nimeipaka rangi nyekundu.

Nilipokuwa nafuta majaribio ya asubuhi yaliyoharibika nikafika kwenye lile la kwanza. Mstari mmoja na nusu, kimya, halafu sauti yake iko wazi kabisa: huyu anayenijibu humu masikioni ni nani? Nikaacha kufuta. Nikaikata, nikaiweka mwanzo wa wimbo kabla ngoma haijaingia, nikatengeneza nakala yake na kuichelewesha milisekunde 81.

Nimemtumia asikilize. Amejibu saa tano kasoro: "Usithubutu kuitoa."