Nilivyojifunza kushika hisa za kampuni kubwa za mafuta

Hisa zangu za kwanza za mafuta nilinunua 2019 na kilichonivuta ni gawio tu, yani ile hela kampuni inayowagawia wenye hisa, basi. Naangalia gawio la mwaka linakaribia asilimia 6 ya bei ya hisa, kampuni imelipa miaka nenda rudi, nikaona hapa hela imekaa pazuri, sikuuliza hata hayo mafuta wanayatoa wapi na yamebaki kiasi gani. Ikaja 2020, watu wamefungiwa ndani, tarehe 20 Aprili mafuta ya Marekani yakafika hasi dola 37 na ushee kwa pipa, yani mwenye mkataba wa kupokea mafuta mwezi wa tano anakulipa wewe ili umuondolee mzigo, na haikupita muda kampuni niliyokua nayo ikakata gawio, hisa yenyewe ilishashuka karibu nusu.

Iliniuma sana. Ila sikuuza, manake kuuza wakati ule ilikua ni kumpa mwingine kwa bei ya kutupa, nikaamua kabla sijaongeza au kupunguza hata hisa moja nielewe kwanza nimeshika nini.

Nikafungua ripoti ya mwaka. Kule mbele zimejaa picha na maneno mazuri, ruka, nenda nyuma kabisa kuna jedwali la akiba iliyothibitishwa, yani mafuta yaliyo chini ya ardhi ambayo kampuni ina uhakika wa kuyachimba kwa faida. Mstari wa kwanza mapipa waliyoanza nayo mwaka, alafu marekebisho, alafu waliyogundua, waliyonunua, waliyouza, waliyochimba, chini kabisa yaliyobaki. Hilo jedwali ndo lilinifungua macho. Chukulia kampuni imeanza na mapipa bilioni 10, imechimba bilioni 1, na imemaliza mwaka na bilioni 10 vilevile. Wanatangaza wamefidia asilimia 100 ya waliyochimba na kila mtu anafurahi. Sasa shuka mstari kwa mstari, unakuta milioni 300 ndo wamegundua kweli, milioni 300 wamenunua kwa kampuni nyingine, na milioni 400 ni marekebisho tu kwa sababu bei imepanda. Kwa sheria za Marekani akiba inahesabiwa kwa wastani wa bei ya miezi 12, kwa hiyo bei ikipanda mafuta yaleyale yaliyokua hayalipi kuchimba yanaingia kwenye daftari, ikishuka yanatoka. ExxonMobil kwenye hesabu za 2016 walitoa mapipa bilioni 3.5 ya mchanga wa mafuta (mchanga ulioshika mafuta mazito) wa Kearl, Kanada, na mchanga wenyewe haukwenda popote, uko palepale.

Na usidhani soko halijali hiyo namba. Januari 2004 Shell walikiri kwamba mapipa kama bilioni 3.9, karibu asilimia 20 ya akiba yao, hayakustahili kuitwa yaliyothibitishwa, hisa zikaporomoka na Machi mwenyekiti wao Philip Watts akaondoka.

Kitu cha pili nilichoelewa ni kwamba mafuta rahisi hayako mikononi mwa hizi kampuni. Ghawar kule Saudia, iliyogunduliwa 1948, ni mali ya serikali, na akiba nyingi duniani zimeshikwa hivohivo na kampuni za mataifa. Wakubwa tunaonunua hisa zao wamebaki na bahari ya kina kirefu, mchanga wa mafuta, miamba inayopasuliwa kwa presha ya maji ambapo kisima mwaka wa kwanza tu kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake so inabidi uchimbe kingine na kingine ili usirudi nyuma, na sehemu za barafu. Huko kwenye barafu Shell walitumia kama dola bilioni 7 baharini kaskazini mwa Alaska wakaachana nako 2015. Mwaka huohuo Exxon na wenzake wakapata mafuta Guyana, kama kilomita 190 kutoka pwani, sakafu ya bahari iko zaidi ya mita 1,500 chini, na Desemba 2019 yakaanza kutoka. Ukiweka hizo mbili pamoja unaelewa kwanini siwezi tena kuweka hela yote kwa kampuni moja, sijui nani atapata na nani atakosa, na wao wenyewe hawajui mpaka watoboe.

Basi nikaanza kujaza daftari langu, kila kampuni ukurasa wake, naandika akiba gawanya kwa uchimbaji wa mwaka nipate miaka iliyobaki, mapipa ya kugundua peke yake, na kama hela inayobaki baada ya kuchimba visima inatosha kulipa gawio bila kukopa. Hii ya mwisho ndo naiamini kuliko zote. Gawio linalolipwa kwa mkopo nalikimbia hata liwe asilimia 8. Nikasambaza kwenye kampuni nne, nikinunua kidogokidogo kila mwezi wakati bei iko chini na watu wengi wanasema mafuta yamekwisha kazi, 2022 bei ilipopaa nikapumua.

Leo nimebaki na tatu. Ile ya nne ndo ile ya kwanza kabisa ya 2019, niliiuza wakati bei yake iko juu na gawio limeanza kurudi, watu wakanishangaa, lakini daftari lilikua linaonyesha miaka mitatu mfululizo inachimba zaidi ya inachopata, na hela ya visima inaitumia kununua hisa zake yenyewe.