Nilivyomzika Bibi kwa Kihispania

Jana Kibibi karudi shule na karatasi. Mwalimu wake wa Kihispania anataka kila mtoto alete picha ya ndugu yake aliyefariki, ziwekwe kwenye meza yao ya Siku ya Wafu, ile sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu wao, mwisho Ijumaa. "Baba, sisi aliyekufa nani?" akaniuliza huku anatafuta chaja ya tableti, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Nikamwambia wamekufa wengi. Ila mwenye picha ndani ya nyumba hii ni mmoja tu, na picha yenyewe imeshawahi kwenda kwenye meza kama hiyo. Shida ni kwamba siku ilipokwenda, mwenye picha alikuwa hai, yuko Tanga anakuna nazi.

Hii sijawahi kuiandika hapa. Anayeijua ni mama watoto na shangazi yangu mmoja, na shangazi bado hajanisamehe vizuri.

Ilikuwa 2009, hapahapa Chicago. Nilikuwa muhula wa tatu wa Kihispania, ile ngazi ambayo si ya mwanzo tena lakini si ya kujivunia pia: unaweza kuagiza chakula, unaweza hata kulalamika kwamba kimepoa, ila mhudumu akikujibu kwa kirefu umekwisha. Wenzangu wengi darasani walikuwa wanatimiza sharti la chuo. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye bwalo la wanafunzi, saa 20 kwa wiki, ndiyo kikomo cha viza ya masomo, na jiko zima lilikuwa la Wameksiko na Waguatemala. Mpishi akipita nyuma yako na sufuria la moto anapiga kelele "¡atrás!", na usipoijua maana yake utaijua kwa mgongo. Nilijiandikisha darasa lile kuulinda mgongo wangu.

Mwanzoni nilijiona bingwa. Azúcar ni sukari. Mesa ni meza. Hasta ni hata yetu, ile ya "hata lini". Ojalá, yaani laiti, nikaambiwa imetoka kwa Waarabu na Mwenyezi Mungu yumo ndani yake. Tulipofika pale kwenye kutaka na kuomba, darasa zima likatoka jasho: kwamba ukitaka mtu afanye jambo, kitenzi kinageuka, mara nyingi a inakuwa e. Quiero que hable, nataka aseme. Nikawaangalia wenzangu nikapiga miayo. Kwetu hiyo mtoto anaijua kabla hajaota meno ya mbele.

Kilichoninyoosha ni wakati uliopita. Sisi tuna -li-, inabeba karibu kila kitu. Wao wana nyakati mbili: moja ya jambo lililotokea likaisha, nyingine ya jambo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa desturi, bila kusema mwisho wake ulikuwa lini. Hiyo ya pili nikajitafsiria "alikuwa aki-", nikaona nimemaliza. Sikukumbuka kwamba hata kwetu, ukimsimulia mtu kwa alikuwa, alikuwa, alikuwa, ukifika ya nne kuna mzee pembeni atasema Mungu amrehemu.

Mtihani wa kuongea ulikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Unasimama mbele dakika tano, unasimulia kumbukumbu ya utotoni, na ndani yake uweke vitenzi visivyopungua kumi vya ule wakati wa pili. Mwalimu wetu, tukimwita Profe, mama mmoja mfupi wa Michoacán, Meksiko, mwenye miwani ya kamba, alikuwa na karatasi ya kupigia vistari. Kitenzi kimoja, kistari kimoja. Mimi nikaamua kumi ni vichache. Nikavitia vyote humo, hata visivyohusika.

Mi abuela vivía en Tanga, nikaanza. Bibi yangu alikuwa akiishi Tanga. Alikuwa mfupi, alikuwa na nguvu. Alikuwa akiamka saa kumi usiku. Alikuwa akitupikia wote. Naona kalamu ya kijani ya Profe inakwenda, kistari, kistari, nami napanda mori. Los viernes, después de la madrasa, me daba... Siku za Ijumaa, baada ya madrasa, alikuwa akinipa...

Neno likakimbia.

Dulces. Caramelos. Nilikuwa nayajua yote mawili tangu wiki ya pili ya muhula wa kwanza. Lakini ukiwa umesimama mbele ya watu 22, kutafuta neno la kigeni ni kama kupapasa kabatini umeme umekatika: mkono unashika kilicho karibu. Nikashika cha nyumbani.

Me daba pipi.

Nadhani ilipita sekunde nzima. Halafu darasa likalipuka, maana kwa Kihispania pipí ni mkojo wa mtoto mdogo, na kwa Kiingereza vilevile, kwa hiyo hakukuwa na hata mmoja aliyehitaji kutafsiriwa. Kila Ijumaa, baada ya madrasa, bibi yangu alikuwa akinipa mkojo. Mvulana mmoja wa safu ya nyuma aliinamia dawati kabisa, naona mabega tu yanatikisika.

Nami nikacheka, ningefanyaje. "Caramelos," nikajirekebisha. Nikamwangalia Profe nione kama amenikata alama. Alikuwa hacheki. Kalamu ameiweka chini, ametoa miwani, ananitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta amekaa peke yake kituo cha basi usiku.

"Lo siento mucho," akasema. Pole sana. "¿Hace cuánto murió?"

Amekufa lini.

Kicheko kikafa chote kwa mpigo. Yule wa nyuma akainuka, uso umemwiva. Msichana wa mbele aliyekuwa akitafuna bazoka tangu Agosti akaacha kutafuna. Bomba la joto chini ya dirisha likawa linagonga, tok, tok, na mimi nimesimama na kinywa wazi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Jibu ni: yuko hai. Maneno mawili. Viva, yaani hai, nilikuwa nalijua. Lililonishinda ni lile jingine. Kihispania kina "kuwa" mbili: ser na estar. Tulivyofundishwa, ser ni ya mambo ya kudumu, estar ni ya mambo ya kupita. Wewe ni mrefu, ser. Wewe umechoka, estar. Haya, bibi yangu yuko hai: ni la kudumu au la kupita?

Nikasema es, ile ya ser, nikasita. Nilikumbuka jikoni wakisema mtu es vivo kwa maana ya mjanja, anayejua kuchukua fungu lake kabla sinia halijazunguka. Bibi alikuwa hivyo pia, lakini sicho nilichoulizwa. Basi está, ile ya estar. Lakini está ni ya kupita, na mimi nisimame mbele ya Wamarekani niseme kwamba uhai wa bibi yangu ni kitu cha kupita, kama mafua? Si ndiyo kumchuria? Nikarudi kwenye es. Nikarudi tena. Naapa nilikuwa nafanya sarufi tu. Lakini kwa waliokaa, aliyesimama pale alikuwa kijana wa Kiafrika anayemeza mate, macho yanaangalia dirisha, hawezi kusema.

"Está bien," Profe akasema taratibu. Basi, inatosha. "Siéntate, mijo." Kaa, mwanangu.

Neno lililonitoka ni gracias. Asante. Hapo ndipo nilipomzika.

Nikapata 18 kwa 20. Wakati wa kutoka Profe akanishika mkono akaniambia insha ya Alhamisi naweza kuileta Jumatatu, nisijisukume. Ningeweza kusema pale mlangoni. Nikahesabu insha, nikahesabu zamu zangu za vyombo, nikasema gracias ya pili.

(Ni está, kwa anayetaka kujua. Está viva. Na maiti pia ni estar, está muerta, ingawa kama kuna jambo la kudumu duniani ni hilo. Profe alitufundisha wiki mbili baadaye. Sababu hakutoa, akasema ndivyo ilivyo.)

Mwisho wa Oktoba akatujia na maboksi. Karatasi za rangi zilizotobolewa mafuvu, mikate ya mviringo yenye mifupa ya unga juu yake, glasi ya maji kwa marehemu atakayekuja na kiu, kibakuli cha chumvi, mishumaa ya betri kwa sababu moto ulikuwa marufuku kwenye jengo, na maua ya njano iliyokolea, mafungu kwa mafungu. Cempasúchil, akasema, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, maana yake maua ishirini. Harufu yake ndiyo inayowaongoza wafu njia ya kurudi nyumbani. Akanijia mezani kwangu. "Tráeme a tu abuela." Niletee bibi yako.

Nilikuwa na picha moja tu. Bibi amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, leso imelegea begani, anamwangalia mpiga picha kama anamwambia ukimaliza uje ukamue tui. Mtoto wa madrasa mimi, nimchukue bibi mzima, Mwislamu, nikamweke kwenye meza ya wafu wa watu. Nikiwa kwenye treni nikatoa penseli, nikaandika nyuma ya picha: Mi abuela vive en Tanga. Bibi yangu anaishi Tanga. Nilijiambia kama kuna malaika anakagua, asome upande wa nyuma.

Waliiweka katikati ya babu mmoja wa Kipolandi na mbwa wa mtu.

Usiku ule nikanunua kadi ya simu ya dola 5. Saa nne usiku kwangu, asubuhi kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

Nikamweleza kwa pumzi moja, kadi isije ikaisha. Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Kwa hiyo umenizika."

"Sijakuzika bibi. Nimeshindwa kusema kwamba uko hai."

"Ehe. Na matanga mmekaa siku ngapi?"

"Siku moja, bibi."

"Hitima?"

"Hapana."

"Watu wamekula nini?"

"Mkate."

"Mkavu?"

"Una sukari kwa juu."

Nikamsikia anahema. "Mtu mzima kama mimi, mkate," akasema. Halafu: "Na huyo mwalimu wako, ameolewa?" Sauti imebadilika kidogo, ile sauti ya mke mkubwa. Nikasema sijui. Akasema, "Haya, mwambie bado nipo." Nikamjibu inshallah, na wote wawili tulikuwa tunaijua inshallah ya namna ile.

Sikumwambia. Muhula ukaisha.

Bibi alifariki 2014, mwezi wa saba. Sikuwahi mazishi. Shangazi aliponipigia, katikati ya kulia akasema, "Wewe si ulishamzika." Ndiyo maana nasema hajanisamehe vizuri.

Sasa hii picha. Profe alinirudishia kwenye bahasha kabla ya mapumziko ya Novemba, kona moja ina alama ya njano ya lile ua, haijatoka mpaka leo. Niliigeuza kwenye treni. Chini ya neno vive kulikuwa na mstari, wino wa kijani. Profe alikuwa na mistari ya aina mbili: mmoja wa kosa, mmoja wa sentensi iliyompendeza, na yote kwa kalamu hiyohiyo. Kama ni kosa, alitaka kuniambia niandike vivía. Kama si kosa, basi alikuwa ameelewa, na alikaa na bibi yangu juu ya meza ile zaidi ya wiki mbili anajua, na akaniacha. Kwenye daraja sikuona dalili yoyote.

Jana Kibibi kaigeuza kabla sijamzuia. Ana miaka tisa, nusu ya siku shuleni anasoma kwa Kihispania, na huyu bibi ni somo wake.

"Baba, hapa umekosea. Ni vivía. Na mtu keshakupigia mstari."

"Iache hivyohivyo."

"Mwalimu ataona." Alishatoa kifutio kwenye mkoba.

"Muache aone."

Akaniangalia. Akasema kila mtoto lazima aseme kitu kimoja kuhusu mtu wake, sasa yeye aseme nini. Nikamwambia sema kila Ijumaa alikuwa akimpa baba pipi. Alinyamaza, nikaona maneno yanapita kichwani mwake yakitafuta lugha, halafu akaangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye zulia.

Kwenda kulala kakiacha kifutio mezani, kando ya picha. Ijumaa ni keshokutwa.