Bakuli la konfleksi na sisi tunaokimbia

Jumamosi tukimaliza mazoezi, watu wa kundi letu la mbio hapa Moshi hukaa pembeni ya barabara upande wa Rau kunyoosha misuli, na hapo ndipo maswali ya chakula huanza. Safari hii kijana mmoja anayejiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon alinivuta kando. "Mwalimu, mimi asubuhi nakula konfleksi na maziwa tu. Jamaa wananiambia bora nile boksi lenyewe. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu jasho lilikuwa linatukaukia mwilini. Hapa nina nafasi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, nakimbia, na nasimamia wanafunzi wanaokimbia, kwa hiyo swali lake linanigusa pande zote. Msimamo wangu ni huu: konfleksi ni chakula kizuri cha saa moja kabla ya mbio, na ni kifungua kinywa dhaifu kwa siku nyingine zote.

Tuanze na ile saa moja. Ukilala usiku, ini halilali. Linaendelea kuachia sukari liliyoihifadhi ili ubongo upate chakula chake, na alfajiri akiba hiyo huwa imepungua sana. Akiba ya misuli ipo, maana miguu haikufanya kazi usiku. Mtu anayekwenda kukimbia nusu saa taratibu anaweza kuondoka na maji tu na asipate shida yoyote. Anayekwenda kupanda barabara ya Mweka kwa saa moja na nusu au zaidi anahitaji kujaza ini kwanza, na anahitaji kitu kitakachotoka tumboni mapema.

Konfleksi inafanya kazi hiyo vizuri. Imetengenezwa kwa mahindi yaliyotolewa pumba na kiini, kama sembe, kisha yakapikwa, yakabanwa na kuokwa. Wanga wake umeshafunguka, kwa hiyo unasagika upesi na sukari ya damu inapanda haraka. Nyuzinyuzi ni chache, kama gramu 3 katika kila gramu 100. Kwa mtu aliye mezani huo ni upungufu. Kwa mtu atakayekuwa anapanda mlima saa moja baadaye ni nafuu kubwa, na yeyote aliyewahi kutafuta choo katikati ya mbio ananielewa.

Ila kipimo watu wengi hawakijui. Ushauri wa kawaida wa lishe ya michezo ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, ndani ya saa 1 hadi 4 kabla ya kazi ngumu. Kadiri muda unavyokuwa mfupi, ndivyo unavyokula kidogo. Mtu wa kilo 60 aliyebakiwa na saa moja anahitaji kama gramu 60 za wanga. Bakuli linaloandikwa kwenye boksi ni la gramu 30, na hilo lina wanga wa gramu 25 hivi. Kwa hiyo ni mabakuli mawili ya boksi na glasi ya maziwa, au bakuli moja, maziwa na ndizi mbivu. Kijana wetu alikuwa anakula vijiko vichache, anakimbia kilomita 16, halafu analaumu mapafu.

Sasa tukirudi nyumbani hesabu inageuka. Misuli iliyochoka inataka wanga tena, na hapo konfleksi bado inafaa, lakini inataka pia protini, kama gramu 20 kwa mtu wa uzito huo. Gramu 60 za konfleksi zina protini ya gramu 4 tu. Glasi ya maziwa inaongeza 7. Jumla 11, na hapo ndipo wengi wanapoishia, wanaoga, wanakwenda kazini. Mayai mawili ya kuchemsha yanaziba pengo lote. Maharage yaliyobaki jana usiku nayo yanasaidia sana, hata kama mtu anaona aibu kula maharage asubuhi.

Na siku usiyokimbia? Hapo mimi siitaki mezani kwangu. Inashuka upesi, na saa nne unatafuta maandazi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo watu 20 waliwekwa mahali pamoja, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili wakila vyakula vya kawaida, waruhusiwe kula kadiri wanavyotaka. Kwenye vyakula vya kusindikwa walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku bila kulazimishwa na mtu. Jaribio hilo halikuwa la konfleksi peke yake, lakini linaeleza kile ninachokiona kwa wenzangu: tumbo halipati taarifa ya kushiba kwa wakati.

Halafu boksi na boksi hazifanani, na hili ndilo ninaloomba watu wa mbio walielewe kuliko yote. Geuza boksi, soma safu ya gramu 100, siyo ile ya bakuli moja. Konfleksi za kawaida zina sukari ya gramu 8 hivi. Zile zilizopakwa sukari nyeupe zinafika gramu 37, zaidi ya theluthi moja ya unachomwaga kwenye bakuli. Bakuli la gramu 60 la aina hiyo ni gramu 22 za sukari kabla hujagusa chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ni heri mtu mzima asivuke kama gramu 25 kwa siku nzima. Weetabix, ambayo pia inatengenezwa Kenya na inapatikana maduka mengi ya hapa mjini, ni ngano isiyokobolewa kwa asilimia 95; sukari yake ni gramu 4 na kitu, nyuzinyuzi gramu 10, protini gramu 12. Hiyo naikubali hata Jumanne ya kawaida, ingawa siku ya mbio naiacha kwa sababu ya nyuzinyuzi hizo hizo.

Boksi nyingi pia zinajisifu kwa madini ya chuma, na kwetu wanawake tunaokimbia jambo hili ni zito. Tunapoteza chuma kwenye hedhi, kwenye jasho kidogo, na hata miguu ikigonga ardhi chembe nyekundu za damu zinapasuka. Darasani huwa nafanya hivi: naponda nafaka ya boksi iliyoongezewa chuma, naichanganya na maji, napitisha sumaku kali. Kwa baadhi ya aina unga mweusi unajikusanya kwenye sumaku, na wanafunzi wanasogea mpaka wananikanyaga. Ni chuma kweli, cha kusagwa. Lakini mwili hukichukua chuma cha namna hiyo kwa shida kuliko kile cha nyama au dagaa, na ukishushia na chai ya rangi unakizuia zaidi. Kula pera au chungwa pamoja nacho, na chai isubiri saa moja.

Kuna wanaoniambia, "Mwalimu, mbona Wakenya wanashinda na hawali vitu vya boksi?" Ni kweli hawavitegemei. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu, waliofuatiliwa kambini kwa siku 7. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, mkate, wali, viazi, uji. Na karibu moja ya tano ya nishati yote ilikuwa sukari ya kawaida. Ukijua chai ya maziwa ya Bonde la Ufa inavyotiwa sukari, hushangai. Watu wale wanakimbia mara mbili kwa siku na sukari ile inachomwa yote. Mimi na wewe tunakimbia mara tatu kwa wiki halafu tunakaa kwenye kiti hadi jioni. Tusiige vijiko vyao vya sukari tukaacha kilomita zao.

Kwangu siku za kawaida ni uji wa ulezi, unga wa kusagisha wa Soko la Mbuyuni, uliolowekwa usiku ukachachuka kidogo. Uchachu huo unapunguza vitu kwenye nafaka vinavyong'ang'ania chuma. Kijiko cha karanga za kusaga juu yake, yai pembeni. Pesa ya boksi moja la gramu 500 inanunua kilo kadhaa za ulezi, na ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozoea.

Ninaloliumia zaidi ni la wanafunzi wa bweni. Siku ya wazazi kutembelea, mzazi anayejua mtoto wake anakimbia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, anakuja na boksi mbili za zile zilizopakwa chokoleti, kwa upendo kabisa, akiamini amemletea chakula cha mwanamichezo. Mtoto anazila kavu usiku bwenini, bila maziwa, na asubuhi anakuja uwanjani na uji mwepesi wa shule tumboni. Wazazi, leteni karanga za kukaanga, maziwa ya unga, dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri, ndizi mbivu za siku mbili tatu. Na kama boksi limeshanunuliwa, liwe la konfleksi za kawaida, akabidhiwe mwalimu wa michezo alitoe alfajiri za mazoezi marefu, na maziwa ya unga yakorogwe humo humo.