Siku moja na waya za Land Rover ya mzee

Saa 12:15 asubuhi

Mwezi wa saba Mbeya hakuna anayeoga alfajiri bila kuchemsha maji. Nimechemsha, nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi na viazi vilivyobaki jana usiku. Mlima Loleza hauonekani, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Kwenye begi kuna laptopu, mita, testa, daftari la viboksi na kalamu 12 za rangi, zile zile wanazonunuliwa watoto wa chekechea. Watu wakiniuliza kazi huwa nasema fundi umeme wa magari, maana nikisema nachora waya, yaani ramani za waya za magari, wanadhani napaka rangi mageti.

Saa 2:10

Gereji, Soweto. Leo ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma), ya mzee mmoja wa Tukuyu anayebebea ndizi na parachichi. Series III zilianza kutoka kiwandani 1971 na kukoma 1985, kwa hiyo hata kitinda mimba wao ana zaidi ya miaka 40. Bodi ni la alumini, halijaoza popote. Waya ndizo zimezeeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya breki nayo inakonyeza."

Nikajua ni ethi, njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi, kabla sijainama. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri hautulii, unatafuta njia kwenye taa ya jirani na kuiwasha kidogo ukiwa unapita. Nikamwambia dogo wa gereji akanyage breki, nikaweka mita, waya moja kwenye bodi la taa ya nyuma, nyingine kwenye hasi ya betri. Volti 3.8. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Tukafungua boliti ambapo alumini inakutana na chesisi ya chuma, ndani mna unga mweupe kama chokaa. Alumini na chuma vikikaa pamoja na maji, mmoja humla mwenzake. Msasa, washa mpya ya boliti, grisi kidogo. Volti 0.1. Dakika 20 hazijaisha.

Mzee akachukua funguo. Nikamwomba atuachie gari mpaka jioni.

"Si taa imepona? Mnabaki mnafanya nini?"

Nikamwinulia kofia ya dashibodi aone mwenyewe. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Fundi aliyetangulia alinunua roli la waya nyekundu ya nyumba, ile yenye shaba moja nene inayokatika ikitikiswa, akalimaliza humo. "Siku ukikwama Isyonje usiku," nikamwambia, "fundi utakayempata ataanzia wapi?" Akanirudishia funguo.

Saa 3:30

Kitabu cha gari hili tunacho, ila ni fotokopi ya fotokopi. Gari zima limebanwa kwenye ukurasa mmoja, mistari yote myeusi, imelala bega kwa bega kama nyuzi za mkeka, na rangi zimeandikwa kwa herufi. Hapo kwenye herufi ndipo mafundi wengi tunapofia. Waingereza wana kahawia, buluu na nyeusi, na zote kwao zinaanza na B. Wakaipa nyeusi hiyo B, kahawia ikawa N, buluu ikawa U. Ukitoka hapo ukashika mchoro wa Toyota, buluu ni L.

Nilipokuwa bado najifunza niliona B nikasoma buluu. Buluu ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa kubwa, nyeusi ndiyo ethi. Nikaziunganisha. Kwenye gari lile waya hiyo haikuwa na fyuzi mbele yake, kwa hiyo hakikukatika kitu, iliungua tu, kuanzia swichi mpaka kwenye grili, na harufu ikakaa kwenye sweta langu wiki nzima. Nilianza kuchora upya mwezi uleule. Kwenye michoro yangu hamna herufi. Mstari wa buluu ni wa buluu, na pembeni pameandikwa "buluu".

Mpangilio wenyewe wa rangi una akili sana, nawapa haki yao. Kahawia ina umeme muda wote, kutoka betri. Nyeupe inapata umeme ukizungusha funguo. Nyeupe ikishapita kwenye fyuzi inaitwa kijani. Zambarau ni kahawia iliyopita kwenye fyuzi, ndiyo maana honi inalia hata funguo ukiwa nao mfukoni. Ukizijua hizo nne umeshajua nusu ya gari, na kitabu hakikuambii popote pale kwenye mchoro.

Saa 4:40 hadi saa 7

Kufuata waya, moja moja. Dogo anavuta huku, mimi nashika kule. Pale rangi ilipobaki kidogo chini ya tepu, natema mate kwenye kitambaa na kusugua. Pasipobaki rangi tunahesabu nywele za shaba. Nazitandaza kwenye ukucha wa dole gumba, natenganisha kwa ncha ya msumari: 14 ni waya ya milimita mraba 1, ya taa ndogo na geji. 28 ni milimita mraba 2, hiyo inabeba mzigo mkubwa. Leo moja ikatoa 28 mahali ambapo nilikuwa nimeshaandika taa ndogo. Nikarudi nyuma, kumbe nilikuwa nimeshika waya ya taa kubwa nusu saa nzima.

Mchana wali na maharage. Mrefu haukuwa.

Saa 8:00

Nikawasha laptopu, umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu haina historia nzuri, nikarudi kwenye daftari la viboksi.

Nachora hivi: chanya juu, ethi chini, umeme unashuka kama maji kutoka kwenye tenki. Michoro ya VW ya zamani ilipangwa hivyo na sijaona iliyoizidi. Kila kazi ina ukurasa wake, taa kubwa peke yake, indiketa na breki pamoja kwa sababu zinakula sahani moja. Na kila ukurasa nauchora mara mbili: gari lilivyotoka kiwandani na lilivyo leo, na wekundu wake wote. Wa kwanza ukikosa wa pili unamdanganya fundi, wa pili ukikosa wa kwanza unamfundisha ujinga wa aliyetangulia.

Simu imeita katikati. Mteja wa Njombe ana Land Rover ya 1964, anataka kufunga redio. Nikamwambia kwanza aangalie betri: nguzo gani imefungwa kwenye bodi? Mpaka 1967 hivi zilikuwa zinatoka chanya ikiwa ndiyo ethi. Redio ya leo bodi lake ni hasi, ukiifunga humo hutasikia hata habari ya saa moja. Akanyamaza kidogo, akasema atapiga tena.

Saa 10:20

Jaribio. Nampa dogo ukurasa wa indiketa na breki, nachomoa waya moja nyuma ya dashibodi bila yeye kuona, nakaa kwenye ndoo nikifunga mdomo. Ana testa na karatasi, basi. Akiuliza swali, kosa ni la mchoro.

Alianza kwenye fyuzi, testa ikawaka. Akashuka na kidole kwenye karatasi, akafika pale kijani inapogawanyika kwenda swichi ya breki, flasha (inayokonyezesha indiketa) na geji. Akasimama. Akaisogeza karatasi mwangani.

"Dada, hapa kijani inaungana au zinapishana tu?"

Nilikuwa nimeweka nukta, alama ya kwamba waya zinaungana. Ila mzee alikuwa ametaka nakala, tukatoa fotokopi dukani jirani, na kioo cha mashine ile kina vumbi. Karatasi nzima ilikuwa na nukta.

Saa 11:30 jioni

Mzee karudi. Amekanyaga breki, amewasha indiketa, ameshuka kuangalia mwenyewe nyuma, akarudia mara tatu. Waya niliyochomoa dogo aliipata, ila baada ya kuniuliza. "Ndaga fijo," mzee akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akatuachia mkungu wa ndizi juu ya malipo. Karatasi nimemwambia bado, aipitie kesho kabla hajapanda Uyole.

Saa 2:45 usiku

Umeme umerudi. Inkscape, programu ninayochorea, imefunguka, miguu iko chini ya blanketi. Nimefuta ile njia panda ya kijani. Waya ya flasha nimeishusha kidogo kwenye karatasi, ya geji nikaishusha zaidi, kila moja inatoka kwenye shina peke yake, kwa herufi T. Hakuna mahali mistari minne inakutana, kwa hiyo hakuna anayehitaji nukta. Nimebadili pia kwenye kurasa nyingine tano. Kwenye ya honi nimekuta nukta mbili nilizoweka mwenyewe mwaka jana, kwenye mchoro ambao nimeshawauzia watu wanne. Namba zao ninazo.