Stenlesi kwenye maji ya moto: msiilaumu presha

Bomba la stenlesi linalopitisha maji ya moto likipata ufa, lawama ya kwanza huangukia presha. Mara nyingi inaonewa. Kwenye vinu vya nyuklia vinavyotumia maji yenye presha kubwa, presha ni takribani megapaskali 15.5, na hukaa palepale kwa miezi. Mzigo uliotulia hauichoshi metali. Inachoka kwa kunyumbuliwa na kurudishwa, mara maelfu, na kwenye mabomba haya kinachonyumbua zaidi ni joto kupanda na kushuka.

Tupige hesabu. Stenlesi za aina ya 304 na 316 hutanuka kama sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na joto hupenya ndani yake kwa taabu. Uso wa ndani ukipozwa ghafla kwa nyuzi 80 wakati unene wa nyuma yake ungali moto, uso huo unataka kusinyaa lakini umeshikiliwa pande zote. Mnyumbuko, yaani kiasi metali inachovutwa kulinganisha na urefu wake, unakuwa kama asilimia 0.19 (17 mara 80 ni asilimia 0.14 hivi, na kushikiliwa pande zote kunaikuza), yaani karibu 0.1 kila upande wa wastani. Kiwango hicho cha 0.1 ndicho mpaka: chini yake, madhara ya ziada ya maji hayahesabiwi.

Juu yake, yanahesabiwa, na si madogo. Kila metali inaponyumbuka, utando wa oksidi unaoikinga hupasuka, metali tupu hukutana na maji, utando mpya hujengeka, na haidrojeni kidogo hupenya ndani. Kipimo cha madhara hayo huitwa Fen: mizunguko ambayo sampuli huvumilia hewani kwenye joto la chumba, ikigawanywa kwa mizunguko inayovumilia majini. Waraka wa Marekani NUREG/CR-6909, toleo la 2018, unatoa kanuni yake. Kwa maji yenye oksijeni kidogo na joto kati ya nyuzi 100 na 325, chukua kasi ya mnyumbuko kwa asilimia kwa sekunde, igawe kwa 7, tafuta logi asilia. Zidisha kwa (joto − 100) ÷ 250, kisha kwa 0.29. Geuza alama, halafu pandisha e (2.718 hivi) kwa jibu hilo.

Kwa nyuzi 300, kasi ya asilimia 4 kwa sekunde inatoa Fen ya 1.1 hivi. Kasi ya 0.004 inatoa 5.7. Kasi ya 0.0004 inatoa 9.7. Maana yake, kwa mnyumbuko uleule, ukienda polepole unaumiza zaidi, kwa sababu maji yanapata muda wa kufanya kazi yao. Hii isimfanye mtu aanze kumwaga maji baridi kwa kishindo! Kupoza taratibu kunapunguza ukubwa wa mnyumbuko wenyewe, na hiyo ndiyo faida kubwa zaidi. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa ni taratibu, Fen inaweza kuachwa.

Oksijeni nayo huwachanganya watu. Kwenye chuma cha kaboni, oksijeni nyingi majini ndiyo adui. Kwenye stenlesi, maji yaliyoondolewa oksijeni hayakupi nafuu yoyote, na kwa aina zenye kaboni kidogo ndiyo makali zaidi.

Pa kutafuta kwanza ni pale maji ya moto na baridi yanapokutana: maungio ya T, na mabomba yaliyofungwa kwa valvu inayovuja kidogo. Mwaka 1987 kinu cha Farley 2, Marekani, kilipata ufa kwenye bomba la namna hiyo; maji baridi yalikuwa yakipenya kwenye valvu. Mei 1998, Civaux 1 ya Ufaransa, ikiwa bado mpya, ilivuja kama mita za ujazo 30 kwa saa kutoka kwenye kiwiko kilicho karibu na mahali pa kuchanganyika.

Kufunga thamokapo (kipimajoto cha waya) nje ya bomba ni vizuri, ila jua kikomo chake. Joto linalobadilika mara moja kwa sekunde hufifia ndani ya milimita moja na kidogo tu ya stenlesi. Kwenye ukuta wa milimita 10, nje haioni kitu. Mabadiliko ya kila sekunde 100 au zaidi ndiyo yataonekana vizuri. Weka thamokapo moja juu na nyingine chini ya bomba la kulala: tofauti ikidumu, maji yamejipanga tabaka, na bomba linapinda.

Mshono wa weldi usagwe ulingane na ukuta wa ndani, kwa maana ukingo wake hukusanya mkazo. Ukikagua kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha, tumia yenye kloridi kidogo sana. Mtandao wa nyufa fupi kama matope yaliyokauka unaashiria uchovu wa joto. Ufa wenye matawi mengi ni wa kuangalia upya: huenda ni kutu ya mkazo, na tiba yake ni nyingine kabisa.